Kutoka Kongwa Hadi New Brighton: Safari ya Kuufuata Wimbo

Jumatatu, Kongwa

Waendao Afrika Kusini huanzia uwanja wa ndege. Mimi nimeanzia Kongwa, nchi ya mahindi na alizeti, kwa sababu ninachokifuata kilipita hapa. Mwaka 1964 ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, kilipewa eneo la kambi hapa, karibu na kituo cha reli ambayo Waingereza waliijenga kwa ajili ya ule mradi wao wa karanga uliowafia mikononi. Hapohapo Kongwa walikuwapo FRELIMO wa Msumbiji, SWAPO wa Namibia, MPLA wa Angola na ZAPU wa Zimbabwe. Vijana wengi walidhani watakaa miezi michache, wapate silaha, warudi kupigana. Wakakaa miaka. Na mtu anayesubiri miaka kwenye jua la Ugogo, asipoimba atarukwa na akili.

Mimi ni mwalimu wa kwaya ya kanisa, sauti yangu besi. Kwa muda mrefu nimefundisha nyimbo za Kizulu na Kixhosa kwa nakala za solfa, yaani noti za do-re-mi, zilizofifia kwa kurudufiwa, wanakwaya wakitamka wanavyoweza, na hakuna anayeuliza zimetoka wapi. Mmoja hasa ulinikaa: *Nants' indod' emnyama, Verwoerd*, yaani "Huyu hapa mtu mweusi, Verwoerd." Muziki wake ni mtamu, ungeweza kumwingizia bibi harusi ukumbini. Maneno yake ni onyo kwa waziri mkuu wa makaburu. Aliyeutunga, Vuyisile Mini, alinyongwa mwaka 1964, mwaka uleule kambi hii ilipofunguliwa. Nimeamua kwenda kwao kwa barabara, njia waliyokuja nayo wenzake, ila mimi naipita kinyume.

Mchana nimeelekezwa kwa bibi mmoja aliyekuwa binti mdogo enzi za kambi. Nimemkuta uani anapepeta uwele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Vuta kigoda hicho."

Nikamweleza shida yangu. Akacheka. "Wale? Walikuwa wanakimbia alfajiri, huku wanaimba. Sisi tunakwenda kisimani, tunawasikia kabla hatujawaona. Hao ndio walikuwa saa yetu."

Akaweka ungo chini, akaimba. Maneno hayakuwa Kixhosa wala Kigogo, yalikuwa milio tu aliyoidaka utotoni, na Verwoerd mwenyewe amegeuka kuwa "felufu". Lakini sauti ilikuwa yenyewe, haikukosea hata noti moja. Nikaipokea kwa besi. Hakushangaa. Aliendelea, na mzunguko wa tatu akaniwekea juu sauti ambayo kwenye nakala yangu haimo, ya Kigogo kabisa. Nimeirekodi kwenye simu.

Ni mstari mmoja mfupi. Mwimbishaji anautoa, umati unaurudisha, na ukishausikia mara mbili umeshaujua. Aliyefika kambini jioni, hajui hata pa kulala, aliweza kuuimba jioni ileile.

Jumanne, Mazimbu

Morogoro, kutoka stendi ya Msamvu hadi Mazimbu ni mwendo mfupi wa bodaboda. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na inaitwa Kampasi ya Solomon Mahlangu. Wanafunzi wanapita na madaftari, wengine wamekaa chini ya miti na simu. Niliwauliza watatu Mahlangu alikuwa nani. Wawili walijua, wa tatu alisema ni mkulima.

Baada ya maandamano ya Soweto ya mwaka 1976, vijana walimiminika kuvuka mipaka, wengine watoto wa shule hasa. Serikali yetu ikatoa shamba la mkonge lililokuwa limeachwa, na mwaka 1978 ANC wakaanzisha shule hapa. Solomon Mahlangu alikuwa mmoja wa vijana waliokimbia, akafunzwa vita, akarudi nyumbani mwaka 1977, akakamatwa Johannesburg baada ya mapambano ambamo watu wawili waliuawa. Risasi hazikuwa zake, lakini alinyongwa tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na miaka 22. Shule ikapewa jina lake. Kulikuwa na mashamba, hospitali, na karakana ya samani iliyoitwa kwa jina la Vuyisile Mini. Nilipolijua hilo nilisimama kidogo: mtu ninayemfuata hadi kusini ya mbali, watu wa Morogoro wamekalia viti vya jina lake.

Makaburi ya Mazimbu yametunzwa. Nimetembea safu kwa safu. Wengi waliolala hapa walikufa vijana, mbali na mama zao, na waliowazika walikuwa vijana wenzao. Hapo ndipo *Senzeni na?* unapoeleweka. "Tumefanya nini?" Swali hilo linarudiwa na kurudiwa, kisha jibu: kosa letu ni weusi wetu. Nimeufundisha wimbo huu mara nyingi na kila mara wanakwaya hutaka kuuharakisha kwa kuwa wanaona hauendi popote. Kweli hauendi. Unazunguka palepale, polepole, na sauti ya chini inashuka ngazi zilezile. Umetengenezwa kwa watu wanaotembea nyuma ya jeneza, ambao hawana haraka ya kufika.

Wimbo wa Solomon mwenyewe ulitungwa baada ya kifo chake na ukakaa vinywani. Mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo vya Afrika Kusini walipoandamana kupinga ada, waliuimba huo, tena waimbaji wengi walikuwa hawajazaliwa alipokufa.

Jumatano, njiani

Mikumi, tembo wawili na swala wasiohesabika. Mlima Kitonga, abiria wote kimya. Mbeya usiku. Konda aliweka muziki wa bongo fleva kwa sauti ya kuua, na sikupata hata usingizi wa paka.

Alhamisi, Nakonde

Nimevuka Tunduma asubuhi na mapema. Nikiwa nasubiri basi la Lusaka upande wa Zambia, shule ya msingi nyuma ya stendi ikaanza kuimba wimbo wa taifa. Miguu yangu ikajibana yenyewe, mikono ikanyooka. Sauti ni yetu, ile ile ya *Mungu ibariki Afrika*, lakini watoto wanaimba *Lumbanyeni Zambia*. Mbadilisha fedha aliyekuwa ananihesabia kwacha akanitazama kwa mashaka.

Enoch Sontonga aliitunga sauti hiyo mwaka 1897. Alikuwa mwalimu na mwimbishaji wa kwaya katika shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg, na nyimbo zake aliziandika kwa solfa kwenye daftari, kama tunavyoandika sisi hadi leo. Haukuwa wimbo wa vita. Ulikuwa sala. Tarehe 8 Januari 1912, chama kilichokuja kuitwa ANC kilipoanzishwa Bloemfontein, mkutano ulifungwa kwa wimbo huo, na tangu hapo sala ikaanza kuonekana kuwa uchochezi. Tanganyika tukauchukua mwaka 1961, Zambia mwaka 1964, Zimbabwe mwaka 1980. Kwa hiyo kulikuwa na kipindi kirefu ambacho sauti hiyo ilipigiwa mizinga ya heshima kwetu na Lusaka, huku kwao ilikotoka polisi wakiwavamia watu kwa kuiimba.

Jumamosi, Lusaka

Makao makuu ya ANC uhamishoni yalikuwa hapa mjini kati, kwenye uchochoro wa barabara ya Cha Cha Cha, hadi chama kiliporuhusiwa tena nyumbani mwaka 1990. Nimepita, nimeona maduka ya vipuri, nimeondoka.

Kilichonileta Lusaka ni Oliver Tambo. Tunamjua kuwa rais wa ANC aliyekibeba chama uhamishoni miaka thelathini. Watu wa kwaya wangemjua kwa jambo jingine: alikuwa mwimbishaji. Ujana wake alifundisha hisabati na sayansi shule ya St Peter's, Rosettenville, na kwaya alizishika tangu huko. Uhamishoni, kati ya safari za kuomba misaada na vikao visivyoisha, alikuwa akisimama mbele ya vijana na kuwanyoosha sauti. Nadhani alijua jambo ambalo kila mwalimu wa kwaya analijua. Watu waliotoka makabila tofauti, wenye visasi vya kambini na njaa ya nyumbani, hawawezi kuimba sauti nne bila kusikilizana. Wakigombana asubuhi, jioni mwimbaji wa sauti ya tena itambidi amsubiri wa alto aingie.

Nyimbo zilirudi nyumbani kwa redio. Radio Freedom ya ANC ilitangaza kupitia vituo vya nchi rafiki, Tanzania na Zambia zikiwamo, na ilijulikana kwa mlio wa bunduki uliofungua kipindi. Kuisikiliza ndani ya Afrika Kusini lilikuwa kosa la kumpeleka mtu jela. Watu waliisikiliza chini ya blanketi, sauti imeteremshwa, halafu kesho yake wimbo uko mtaani na hakuna anayejua nani ameuleta.

Jumatatu, Harare

Usiku kucha kutoka Lusaka, mpakani Chirundu saa nane za usiku. Leo nimekwenda Mbare kuuona uwanja wa Rufaro kwa nje. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Aprili 1980 Bob Marley aliimba hapa kwenye sherehe za uhuru, polisi wakapiga mabomu ya machozi kuwazuia watu waliokuwa wakilazimisha kuingia, na moshi ukawafikia mpaka wanamuziki jukwaani. Mgeni anasifiwa sana kwa usiku ule. Mimi namsifu zaidi mwenyeji, Thomas Mapfumo, aliyechukua sauti za mbira, ile marimba ya vidole ya Washona, akaziweka kwenye gitaa la umeme, akaimba kwa Kishona wakati serikali ya walowezi ikitaka watu wafuate muziki wa wazungu. Mwaka 1979 walimweka ndani bila mashtaka. Tatizo lao lilikuwa kwamba mashairi yake yalisema mambo kwa mafumbo, na hakimu hawezi kumfunga mtu kwa methali.

Jumanne, Beitbridge

Foleni ya mpaka, muda wa saa saba nzima kwa saa yangu. Akina mama wachuuzi wamelala juu ya mizigo. Mzee aliyekaa kiti cha nyuma yangu, Mmalawi, aliwahi kuchimba dhahabu Afrika Kusini miaka ya sabini. Nilimuuliza waliimba nini migodini. "*Shosholoza*," akasema, "kila mtu anaujua." Siku hizi huo ni wimbo wa mashabiki wa raga na mpira, lakini ulianza kwa vibarua waliosafirishwa kwa treni kutoka nchi hii ya Zimbabwe kwenda migodini. Hugh Masekela, mpiga tarumbeta wa Afrika Kusini, naye aliiimba treni hiyo mwaka 1974, *Stimela*, akizitaja nchi ambazo wachimbaji walitoka, na Malawi imo. Mzee alikuwa na wimbo huo kwenye simu yake. Ulipofika pale Masekela anapoiga mlio wa treni kwa mdomo, mzee akazima.

"Hapo sipapendi," akasema. Sikumuuliza zaidi.

Alhamisi, Johannesburg

Nimelala kutwa nzima ya jana. Leo makaburi ya Braamfontein, kwa Sontonga. Alikufa mwaka 1905, akiwa na miaka thelathini na kidogo tu, na kwa miaka mingi kaburi lake halikujulikana. Wataalamu walitafuta jina Sontonga kwenye madaftari ya makaburi wasilione. Kumbe karani wa wakati ule alimwandika "Enoch" basi, kwenye sehemu ya Wakristo wenyeji. Mtu mweusi jina la ukoo la nini? Tarehe 24 Septemba 1996 Mandela alikuja kuzindua mnara hapa, na pakatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa. Nilikuwa peke yangu na mlinzi. Niliimba beti moja kwa Kiswahili, naye akapokea kwa Kisotho, *Morena boloka*, bila hata kuacha kufagia.

Ijumaa, Sophiatown na Meadowlands

Siku hii nimeipenda kuliko zote.

Sophiatown ilikuwa mtaa wa watu weusi kumiliki nyumba, wenye vilabu, majambazi, waandishi na bendi za jazi. Tarehe 9 Februari 1955 polisi wapatao 2,000 waliingia na malori, wakaanza kuhamisha watu kwenda Meadowlands, eneo la nyumba za kufanana huko Soweto. Mtaa ukavunjwa, wakajengewa wazungu, ukapewa jina Triomf, yaani Ushindi. Kanisa la Kristo Mfalme liliachwa limesimama. Ndani ya uzio wake yamehifadhiwa majivu ya Padre Trevor Huddleston, na hapo Mtanzania lazima asimame, maana huyu alikuja kuwa askofu wetu wa Masasi kuanzia 1960 hadi 1968. Kabla ya hapo, akiwa huku Johannesburg, ndiye aliyemtafutia tarumbeta mwanafunzi mmoja mtukutu wa St Peter's aliyeitwa Hugh Masekela, na baadaye akampatia nyingine iliyotumwa na Louis Armstrong mwenyewe kutoka Marekani. Wamakonde na Wamakua waliobatizwa na askofu yule sijui kama walijua wanabatizwa na mtu wa jazi.

Kuhusu Meadowlands, mwaka 1956 Strike Vilakezi alitunga wimbo wa jina hilo. Ukiusikia harakaharaka unasema twende Meadowlands, twende usiku na mchana, na muziki wake ni wa kuchezea. Wakubwa wa serikali waliufurahia, wakadhani watu weusi wanashukuru kuhamishwa. Lakini umeimbwa kwa lugha ya vijana wa mitaani, na waliouimba walijua wanamkejeli nani. Nilipanda teksi ya abiria kwenda huko, nikamwomba dereva anishushe popote. Alinishusha kwenye kona yenye kinyozi na genge la viazi vya kukaanga. Nilimwuliza kinyozi kama anaujua wimbo. Aliuimba wote huku akinyoa, mteja akaitikia kiitikio akiwa ameinamisha kichwa, na mashine haikutikisika.

Hiyo ndiyo mbinu iliyonivuta muda wote huu, utamu wa kufichia makali. Wimbo wa Mini nao ni hivyohivyo. Mwaka 1965 Miriam Makeba na Harry Belafonte waliurekodi Marekani katika santuri moja na *Malaika* wetu, na santuri ikapata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Makeba wakati huo alikuwa ameshavuliwa haki ya kurudi kwao na nyimbo zake zimepigwa marufuku, kwa kosa la kuzungumza Umoja wa Mataifa mwaka 1963. Sebule za Wamarekani zikawa zinasikiliza wimbo wa mapenzi ya mtu aliyekosa mahari, na kwenye santuri hiyohiyo, onyo la mtu ambaye ameshanyongwa.

Jumamosi, Pretoria

Asubuhi Union Buildings, majengo makuu ya serikali. Bustani nzuri, maharusi wanapiga picha. Tarehe 9 Agosti 1956 wanawake wapatao 20,000 walipanda hapa kupinga pasi, vile vitambulisho ambavyo watu weusi walilazimishwa kubeba, wengine wamebeba watoto mgongoni, wakiongozwa na Lilian Ngoyi, Helen Joseph, Rahima Moosa na Sophia Williams. Waziri mkuu Strijdom hakuwepo, au alijifanya hayupo. Walisimama kimya nusu saa nzima. Watu 20,000, nusu saa. Kisha wakaimba *Nkosi Sikelel' iAfrika*, na ule waliomtungia mwenyewe: Strijdom, umewagusa wanawake, umegonga mwamba. Kwaya yangu ya watu thelathini sijawahi kuinyamazisha hata dakika moja.

Mchana nimekwenda hadi ukuta wa gereza kuu, ambalo leo linaitwa Kgosi Mampuru II. Sikuingia. Mini alikamatwa mwaka 1963 pamoja na Wilson Khayinga na Zinakile Mkaba. Walishtakiwa hujuma, na kuhusika katika mauaji ya mtu aliyedaiwa kuwa mpelelezi wa polisi. Akiwa anasubiri kitanzi, polisi walimfuata: toa ushahidi dhidi ya mwenzako Wilton Mkwayi, tutakuokoa. Alikataa, na habari ya kukataa kwake ikatoroshwa nje ya gereza. Tarehe 6 Novemba 1964 walinyongwa wote watatu. Wafungwa waliokuwapo walisimulia kwamba Mini alikwenda akiimba, na kwamba sauti yake ilikuwa nzito sana, ikijaza korido. Ilikuwa desturi ya gereza hilo: usiku wa kuamkia kunyongwa, wafungwa wote huwaimbia wanaokwenda, mpaka alfajiri. Walinzi walishindwa kuizima. Utamwadhibu kwa lipi mtu wa kunyongwa?

Jumapili, Alexandra

Ningeweza kuruka siku hii. Mwenyeji wangu, Mtanzania anayeuza vipuri, ndiye alinileta, akanionyesha mtaa aliokuwa akiishi Mei 2008. Ghasia za kuwafukuza wageni zilianzia hapa Alexandra, zikasambaa, wakafa watu 62. Magazeti ya wakati ule yaliandika, naye alisikia kwa masikio yake akiwa juu ya dari, kwamba waliokuja na mapanga walikuwa wakiimba *Umshini wami*, "Nileteeni bunduki yangu", wimbo wa wapiganaji wa kambini. Kambi zile zilikuwa wapi? Kwetu, Angola, Zambia. Waliokuwa wakifukuzwa walitoka wapi?

Nimekaa na hilo mchana kutwa. Wanaosema wimbo wa haki hubaki wa haki wanajidanganya. Wimbo hauna mwenyewe. Umbo lile lile linalomfanya mgeni aliyefika Kongwa jioni aimbe jioni hiyohiyo, ndilo linalomfanya mtu mwenye panga aupate bure. Mahakama za huku zimehangaika na jambo hilo kwa wimbo mwingine, *Dubul' ibhunu*, "Mpige risasi kaburu". Mwaka 2011 mahakama ilisema kuuimba ni matamshi ya chuki. Mwaka 2022 jaji mwingine akasema hapana, ni wimbo wa historia, na mwaka 2025 Mahakama ya Katiba ikakataa kusikiliza rufaa. Kisheria naona walifika mahali sahihi, maana ukianza kupiga marufuku nyimbo utakuwa unafanya kazi ya Verwoerd. Lakini mwenyeji wangu hataki kuusikia wimbo wowote wa aina hiyo, na sikuwa na la kumwambia. Tulikula ugali na matembele kwake, akaweka taarab.

Jumanne, New Brighton

Basi la usiku hadi Gqeberha, mji ambao hadi mwaka 2021 ramani ziliuita Port Elizabeth. Upepo wa hapa haupumziki. New Brighton ni kitongoji cha wafanyakazi, na Mini alikuwa mtu wao kabisa: mwana wa kuli wa bandarini, mwenyewe kibarua, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, mwanakwaya. Alikuwa miongoni mwa watu 156 walioshtakiwa uhaini mwaka 1956, na wanasema gereza lile la pamoja liligeuka shule ya uimbaji: serikali iliwakusanya watunzi bora wa nchi nzima chumba kimoja, ikawapa muda.

Mifupa yake ilifukuliwa kwenye kaburi la maskini Pretoria, ikaletwa kuzikwa kwa heshima mwaka 1998 hapa Emlotheni. Mahali pa heshima, lakini nyasi zimepanda. Si mbali na hapo lipo jumba la makumbusho la Red Location, lililofunguliwa mwaka 2006 na kushinda tuzo za usanifu. Limefungwa tangu 2013. Wakazi waliandamana wakalifunga wenyewe, wakidai nyumba zao mbovu zitengenezwe kwanza, na waharibifu wakamalizia. Niligonga geti, mbwa akajibu. Nadhani Mini angekuwa upande wa waandamanaji, ingawa angesikitikia vioo.

Jumatano, mjini

Uwanja ulio mbele ya ukumbi wa jiji unaitwa Vuyisile Mini Square. Nilikwenda kupiga picha ya kibao, nikakuta watu kama mia moja hivi wenye fulana nyekundu, wafanyakazi wa usafi, wanadai mikataba. Wanaruka toyi-toyi, ile hatua ya kukimbia umesimama ambayo inasemekana ilikuja na wapiganaji waliofunzwa pamoja na wa Zimbabwe. Mwanamke mnene wa makamo mwenye filimbi shingoni ndiye mwimbishaji. Akaimba nyimbo tatu nisizozijua. Ya nne nikaijua kabla hajafika noti ya pili.

*Nants' indod' emnyama.* Pale pa Verwoerd wameweka jina la mkandarasi. Limekaa vizuri, silabi moja imezidi, wameimeza. *Pasopa*, jihadhari, wakaitikia.

Besi ilikuwa nyembamba, wanaume walikuwa wachache na wawili kati yao wanavuta sigara. Nikaingia. Hakuna aliyegeuka kuniangalia mpaka ubeti ulipokwisha, kisha mwimbishaji akanijia na kuniuliza kwa Kiingereza nafanya kazi kituo gani. Nikasema mimi mgeni, natoka Tanzania. "Nani kakufundisha?" Nikamtolea simu, nikamwekea yule bibi wa Kongwa. Alisikiliza huku ameziba sikio moja kwa ajili ya kelele. Alipofika ile sauti ya juu ya Kigogo, akanyanyua kidole, akairudisha nyuma, akaisikiliza tena, akaijaribu kwa mdomo uliofumba. Kisha akawaita wenzake wawili wa soprano, wakasimama pembeni kuizoea.

Saa saba mkubwa mmoja akatoka, akapokea karatasi ya madai, akasaini kuwa ameiona, akarudi ndani. Watu wakaanza kutafuta kivuli na chakula.

"Hajajibu," mwimbishaji akaniambia. "Kesho tunarudi saa tatu. Wanaume wetu umewaona, hawana sauti. Utakuwepo?"

Nimekwenda kubadilisha tarehe ya tiketi.